Dada wa Gavana na Penseli Yake

Mzee amekaa kwenye kiti cha kigeni, na mguu mmoja ameukunja juu ya kiti hicho bila kumwomba mtu ruhusa. Ndevu zimekuwa nyeupe. Kilemba hakina mbwembwe, nguo haina makuu. Ukimtazama haraka utasema ni mzee wa mtaa anayepumzika barazani jioni. Kumbe ni Ranjit Singh, Maharaja wa Punjab, mtu aliyeunganisha koo na falme ndogondogo zilizokuwa zikichinjana hadi zikawa dola moja, akajenga jeshi ambalo Waingereza walilipima mara mbili kabla ya kulisogelea. Almasi ya Koh-i-Noor ilikuwa mali yake, akiivaa mkononi.

Aliyemchora ni Emily Eden, mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa na miaka 41 walipokutana mwishoni mwa mwaka 1838. Alikuwa dada wa Gavana Mkuu wa India.

Kazi yangu ni kuchora sura za watu kwa penseli. Nachora maharusi, nachora marehemu kutoka kwenye vipicha vya kitambulisho ambavyo familia inaniletea vikiwa vimekunjika, nachora watoto wasiotulia. Kwa hiyo nikiona picha ya mtu, kitu cha kwanza ninachotafuta ni kama mchoraji alimtazama huyo mtu au alichora tu kile alichokuwa nacho kichwani tayari. Picha nyingi za karne ya 19 ambazo Wazungu walichora huko Asia na huku kwetu zinaanguka kwenye mtihani huo. Unaona vilemba, unaona mapanga, unaona ngamia na machweo. Mtu mwenyewe humwoni. Emily Eden anaupita mtihani, tena mara nyingi kiasi kwamba nimeona nimwandikie makala nzima, maana kwa Kiswahili sijakutana na chochote kinachomhusu.

Alizaliwa Westminster, London, Machi 1797, katika familia kubwa iliyokuwa ndani kabisa ya siasa za Uingereza. Baba yake alikuwa Baron Auckland. Kaka yake George akarithi cheo, hakuoa, na Emily naye hakuolewa, basi akawa ndiye mwenye kuendesha nyumba ya kaka yake na kuwapokea wageni. Mwaka 1835 George aliteuliwa kuwa Gavana Mkuu wa India. Emily hakutaka kwenda. Barua zake za wakati huo ni za mtu anayepelekwa mbali na kila anachokipenda. Lakini akapanda meli pamoja na mdogo wake Fanny, ambaye naye alichora, na mpwa wao William Osborne, wakasafiri miezi mitano, wakafika Calcutta Machi 1836.

Hapa lazima nieleze jambo kuhusu wanawake na sanaa wakati ule, maana bila hilo mtu atauliza kwa nini mchoraji wa kiwango hiki hakuwa na jina kwenye majumba ya maonyesho. Binti wa nyumba kubwa alifundishwa kuchora sawa na alivyofundishwa piano na Kifaransa: apambe sebule, apate mchumba. Shule za Royal Academy za London hazikumpokea mwanafunzi wa kike hadi mwaka 1860, na huyo wa kwanza, Laura Herford, aliingia kwa sababu alituma michoro yake akiwa ameandika herufi ya kwanza tu ya jina lake, wakadhani ni mwanamume. Rangi za mafuta, turubai kubwa, masomo ya mwili wa binadamu, hayo yote yalikuwa ya wanaume. Mwanamke aliachiwa penseli na rangi za maji. Nao wakazibeba. Penseli na kisanduku cha rangi za maji vinaingia kwenye mkoba, vinakwenda popote, havihitaji studio wala msaidizi. Kile walichopewa kama kitu cha kupitishia muda ndicho kilichofaa zaidi kwa mtu anayeishi ndani ya hema.

Na Emily aliishi ndani ya hema karibu miaka miwili na nusu, ukiondoa misimu ya joto aliyokaa milimani.

Oktoba 1837 Gavana Mkuu aliondoka Calcutta kwenda kukagua majimbo ya kaskazini. Msafara wake ulikuwa na watu wapatao 12,000. Ngamia 850, tembo 140, na farasi mia kadhaa. Hebu fikiria chakula cha siku moja cha msafara huo, kuni zake, maji yake. Kila asubuhi mji mzima wa mahema unavunjwa, unapakiwa, unasogea maili chache, unajengwa tena. Mbwa wa Emily, aliyeitwa Chance, alikuwa na mtumishi wake peke yake, kijana aitwaye Jimmund. Katikati ya vumbi hilo lote Emily anatoa karatasi.

Alichora makaburi ya wafalme, misikiti, magofu, kingo za Mto Ganges, ngome. Februari 1838 walifika Delhi, na barua aliyoandika pale ni moja ya chache za enzi ile ambamo Mwingereza wa tabaka la watawala anasema wazi kwamba wao ndio walioharibu: walifika, wakageuza kila kitu kuwa biashara na kodi, wakapamaliza. Aliingia ndani ya Ngome Nyekundu, kasri la wafalme wa Mughal, akamwona mfalme mzee Bahadur Shah Zafar amekaa bustanini, mtumishi akimpungia nzi. Bustani yenyewe imechakaa. Mfalme alikuwa analipwa posho na East India Company, kampuni ya biashara ya Kiingereza iliyokuwa inatawala nchi kwa jina lake. Emily aliona aibu ya jambo hilo, akaiandika, kisha akaendelea na safari pamoja na kaka yake, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa utawala uleule.

Hapo ndipo ninapokwama naye kila mara. Sitaki kumfanya mtakatifu. Alikula na kulala kwa gharama ya nchi iliyokuwa inakamuliwa. Barua zake zina dharau za watu wa tabaka lake, na nyingine zinauma kuzisoma. Januari ileile ya 1838, walipokuwa maeneo ya Kanpur, njaa kubwa ilikuwa imeyashika majimbo hayo. Inakadiriwa kwamba iliua watu laki nane. Msafara wa watu 12,000 ukapita katikati ya njaa hiyo. Emily alimkuta karibu na mazizi mtoto mchanga aliyekonda, analelewa na mtoto mwenzake wa miaka kama sita. Anamwelezea yule mchanga kwa kumfananisha na tumbili mzee. Ni neno baya, na siwezi kulipamba. Lakini mstari unaofuata anaeleza jinsi kile kichanga kilivyokirukia kikombe cha maziwa, na jinsi kaka yake mdogo alivyokuwa anamlisha, na unajua kabisa kwamba aliyeandika alisimama pale akatazama hadi mwisho. Aliagiza mtoto yule apewe maziwa kila siku.

Mdomo wake ulikuwa wa tabaka lake. Jicho lake lilikuwa la mchoraji. Huo ndio msimamo wangu juu ya Emily Eden, na nadhani unaweza kuonekana kwenye karatasi, hauhitaji nimtetee.

Kuchora sura ya mtu ni kazi inayolazimisha. Huwezi kuchora pua kwa dharau. Ukikaa mbele ya mtu nusu saa, penseli inakuuliza: ukope unaishia wapi? Kivuli cha chini ya mdomo ni kizito kiasi gani? Bega hili limeshuka kuliko lile, kwa nini? Unajibu maswali madogo mia moja, na mwisho wa yote yale uliyokuwa unayaamini juu ya huyo mtu yamekosa nafasi. Kuna wachoraji wanaoyakimbia maswali hayo; wanachora kilemba vizuri sana kisha uso wanaupitisha. Emily hakuyakimbia. Tazama wale Akali aliowachora, wapiganaji wa dini ya Sikh waliovaa bluu na bangili za chuma za duara juu ya vilemba virefu. Waingereza waliwaogopa na kuwaita wehu. Yeye amewapa kila mmoja uso wake. Mmoja huwezi kumchanganya na mwenzake.

Aprili 1838 msafara ulipanda Simla, kwenye milima ya chini ya Himalaya, kukwepa joto. Kule Emily alipata kazi ya ajabu kuliko zote alizowahi kufanya. Gavana alikuwa anajiandaa kukutana na Ranjit Singh na alihitaji zawadi. Ikaamuliwa kwamba apelekewe picha ya malkia mpya, Victoria, aliyetawazwa Juni mwaka huo. Tatizo ni kwamba Emily aliondoka Uingereza Victoria akiwa bado binti wa kifalme, hakuwahi kumwona akiwa malkia, wala hakuliona vazi la kutawazwa. Akachora hivyohivyo, kwa maelezo yaliyofika na meli na kwa kumbukumbu. Malkia mzima, amesimama, na joho lake. Picha ikawekwa kwenye fremu ya dhahabu na vito.

Na katika majira hayohayo, mjini hapohapo, kaka yake alikuwa anaandaa tamko la vita. Tarehe 1 Oktoba 1838 ilitolewa ile Ilani ya Simla iliyotangaza kwamba Uingereza itamwondoa Dost Mohammad Khan katika kiti cha Kabul, huko Afghanistan, na kumrudisha Shah Shuja, mfalme wa zamani. Ranjit Singh alihitajika upande wao. Kwa hiyo picha ile ya malkia ilikuwa kipande cha vita. Emily alijua anachora kwa ajili ya siasa; sidhani kama alijua wakati ule ni siasa ya maafa makubwa kiasi gani.

Walikutana na Ranjit Singh huko Ferozepore, karibu na Mto Sutlej, Novemba 1838. Tembo wa pande mbili walikutana kwa msongamano hadi ikawa kama watu wataumia. Maharaja akapokea picha ya malkia kwa heshima, mizinga ikapigwa. Emily anamwelezea mzee yule kuwa ni mfano wa panya mzee mwenye ndevu za mvi na jicho moja, maana jingine lilichukuliwa na ndui utotoni. Tena lile tabaka linaongea. Lakini hapohapo anaona jambo ambalo wanaume wote wenye magwanda hawakulijali: Maharaja alikuja na soksi mbili, akafanya mbinu taratibu akaivua moja, ili akae ameshika unyayo wake mkononi kwa raha zake. Sasa rudi kwenye picha uitazame. Mguu ule uliokunjwa ndio kiini cha mchoro wote. Mtawala aliyevaa nguo rahisi kuliko watumishi wake, anayekaa atakavyo mbele ya moja ya dola kubwa kuliko zote duniani, kwa sababu yuko kwake. Emily hakumnyoosha mguu ili apendeze London. Mimi nimenakili mchoro huo mara kadhaa kwa ajili ya mazoezi, na kila mara mkono unataka kumweka sawa mzee, kumshusha mguu, kumwinua mgongo. Ni tabia ya mkono uliozoea kuchora picha za sherehe. Emily aliushinda mkono huo.

Walivuka mto, wakaenda Amritsar na Lahore. Maharaja na watu wake walijaa zawadi: vito, shali, farasi. Kampuni ilikuwa na sheria kwamba zawadi hizo zote ziende hazina, kwa hiyo akina Eden walivishwa lulu asubuhi na karani akazichukua jioni. Emily akabaki na alichochora. Alimchora Sher Singh, mwana wa Maharaja. Alimchora Hira Singh, kijana aliyependwa sana pale barazani. Alimchora Pratap, mtoto wa Sher Singh, mvulana mdogo aliyevishwa vito hadi unajiuliza aliwezaje kutembea. Alichora hata farasi wa Maharaja na hatamu zao za zumaridi, na pamoja nao ile Koh-i-Noor, wakati bado iko Lahore, kabla haijachukuliwa na Waingereza mwaka 1849 na kuchongwa upya London mwaka 1852, ikapungua kutoka karati 186 hadi 105 na kidogo. Umbo lake la kwanza halipo tena. Limebaki kwenye michoro.

Na watu je? Ranjit Singh alifariki Juni 1839, miezi michache tu baada ya kuchorwa. Nyumba yake ikaanza kujila. Sher Singh akatawala, akauawa Septemba 1843, na siku hiyohiyo wakamuua Pratap, ambaye alikuwa bado mtoto. Hira Singh aliuawa Desemba 1844. Picha za Emily zilipotoka London zikiwa zimechapwa, mwaka huo wa 1844, mtu angeweza kufungua ukurasa baada ya ukurasa na kukuta sura za watu waliokwisha kuchinjwa. Miaka mitano baadaye Uingereza ikaichukua Punjab yote.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuwatazama hawa. Reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria ilipoanza kujengwa mwaka 1896, vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na sehemu kubwa yao walitoka Punjab, nchi ileile ya mzee mwenye mguu uliokunjwa, miaka 47 baada ya kutekwa. Makalasinga waliobaki wakawa maseremala, mafundi wa vyuma, wenye karakana. Anayesafiri barabara ya Mombasa kwenda Nairobi anaijua Gurudwara ya Makindu, iliyojengwa mwaka 1926, ambako msafiri yeyote wa dini yoyote anaketi na kupewa chapati, dengu na chai bila kulipa. Nilipokuwa mdogo, karakana ya Kalasinga mmoja karibu na kwetu ilikuwa na kalenda ukutani, imejaa alama za vidole vya grisi, na juu yake mzee mwenye ndevu nyeupe na jicho moja. Nilidhani ni babu yake. Nilimuuliza, akaacha spana, akanihadithia habari za Maharaja hadi wateja wakaanza kulalamika. Aliongea kwa Kiswahili safi kuliko cha kwangu, na kwa majivuno kabisa. Miaka mingi baadaye nilipokutana na mchoro wa Emily nilimtambua mzee kabla sijasoma maelezo.

Nieleze kidogo jinsi picha hizo zilivyochapwa, maana ufundi wake ni mzuri. Litografia inafanyika juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa hadi likawa laini. Mchoraji anachora juu ya jiwe kwa kalamu yenye mafuta. Kisha jiwe linaloweshwa maji: palipochorwa mafuta yanayakataa, pasipochorwa yanakaa. Halafu wino wa mafuta unapitishwa. Wino unashika pale penye mchoro tu, unakataliwa na maji kwingine kote. Karatasi inawekwa, inagandamizwa, na mchoro unatoka umegeuka, kushoto kuwa kulia, kwa hiyo fundi lazima achore kinyume ili utoke sawa. Michoro ya Emily ilihamishiwa kwenye jiwe na Lowes Dickinson, na nakala nyingine zilipakwa rangi kwa mkono, moja moja. Uzuri wa njia hii kuliko kuchonga shaba ni kwamba inatunza chembechembe za penseli. Ukikuza nakala nzuri kwenye skrini utaona vivuli vya mashavu vimejengwa kwa mistari laini iliyolala upande mmoja, bila kusuguliwa kwa kidole. Ni mkono wa mtu asiye na haraka.

Njia hiyohiyo ilileta sura za pwani yetu Ulaya. Charles Guillain, nahodha wa Kifaransa aliyezunguka pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848, alirudi na picha ambazo zilichapwa kwa litografia: wanawake na wanaume wa Zanzibar, mashekhe, Wasomali. Wapo wenzangu wanaosema picha za namna hii zitupwe zote, kwamba ni macho ya wageni waliokuja kupima nchi kabla ya kuichukua. Naelewa hasira hiyo na ninayo pia. Lakini yule aliyekaa mbele ya karatasi ni wetu. Shingo ni yake, kanzu aliishona fundi wa hapa, na namna alivyokataa kutabasamu ni uamuzi wake mwenyewe. Nikimtupa mchoraji nitamtupa na yeye. Ninachofanya ni kuuliza picha moja moja: hapa alitazamwa, au alipitwa tu?

Emily aliwachora pia watu wasio na vito. Watumishi wa nyumba ya Gavana, wapandaji wa milimani, fakiri, wafugaji wa duma wa kuwindia, mwanafunzi wa Chuo cha Hindu cha Calcutta. Wengi wao hawana majina kwenye maelezo ya picha, cheo tu au kabila. Maharaja ana jina, mtumishi ana kazi. Hilo linaniuma, hasa kwa kuwa Emily alikuwa anawajua. Walimbebea kisanduku chake cha rangi.

Vita vya kaka yake viliishia vibaya kuliko vyote ambavyo Uingereza ilikuwa imewahi kuvipata Asia. Mwanzoni kila kitu kilikwenda sawa, Kabul ikachukuliwa, Dost Mohammad akajisalimisha akapelekwa Calcutta. Huko Emily akamchora na jamaa zake. Naipenda sana picha hiyo. Amemchora mfungwa bila kumfanya mfungwa. Kisha Januari 1842 jeshi la Kiingereza lililokuwa Kabul likaanza kurudi nyuma kupitia mabonde yaliyojaa theluji, wanajeshi 4,500 na wafuasi wa kambi wapatao 12,000, wengi wao Wahindi na familia zao. Karibu wote waliangamia. Tarehe 13 Januari daktari William Brydon aliingia Jalalabad akiwa juu ya farasi aliyechoka, naye amejeruhiwa. George alirudishwa nyumbani mwaka huo. Dost Mohammad alirudi Kabul mwaka 1843, akatawala miaka ishirini mingine.

Watu wengi wanaotamka jina la familia hii leo hawajui. Uwanja wa kriketi wa Eden Gardens mjini Kolkata, ambako timu ya Kenya ilicheza fainali na India Mei 1998, umechukua jina lao. Mji wa Auckland, New Zealand, umepewa jina la cheo cha George. Michoro mingi ya Emily imehifadhiwa katika jumba la Victoria Memorial, Kolkata hapohapo. Nafurahi kwamba iko India. Wajukuu wa waliochorwa wanaweza kuingia kuitazama.

Emily aliishi London na Richmond hadi Agosti 1869, akiwa mgonjwa kwa miaka mingi. Kaka yake na Fanny walifariki wote mwaka 1849. Aliandika riwaya mbili zilizopendwa, kisha mwaka 1866 akatoa kitabu cha barua alizomwandikia dada yake mwingine wakati wa ile safari ya mahema.

Katika barua hizo iko moja ya Mei 1839, ya usiku wa dansi ya kusherehekea siku ya kuzaliwa kwa malkia, kule Simla. Muziki wa opera unapigwa chini ya milima ambayo, anasema, mingine haijakanyagwa tangu kuumbwa kwa dunia. Wageni wanakula samaki kutoka Scotland na dagaa wa Mediterania. Kuwazunguka, watu wa milimani wamejifunga mablanketi yao, wanatazama, na Mzungu akipita wanainama hadi chini. Emily anahesabu pande zote mbili kisha anaandika kwamba wakati mwingine anashangaa kwa nini watu hawa hawawakati vichwa wote yakaisha.

Alipoandika maneno hayo yalikuwa wazo la usiku mmoja. Alipoyachapisha, yalikuwa yamepita maasi makubwa ya 1857, yaliyowaka Delhi, Kanpur na Lucknow, njia ileile aliyopita na kisanduku chake cha rangi. Vichwa vya pande zote mbili vilikuwa vimekatwa. Mfalme mzee wa bustanini alikuwa ameshtakiwa na Waingereza ndani ya kasri lake mwenyewe, akahamishiwa Rangoon, akafia huko mwaka 1862. London ilikuwa bado na hasira na kisasi, na sentensi ya namna ile kutoka kwa dada wa Gavana ingeweza kumletea maneno mabaya sana. Barua alizichagua mwenyewe. Ile ya usiku wa dansi ameiweka, pamoja na sentensi yake na hesabu yake: Wazungu 105, na watu wa milimani wasiopungua 3,000.